Nakala ya Porsche 917: mkia mrefu au mfupi?

Jamaa yangu, fundi wa faibaglasi hapa Dodoma, anataka kuunda nakala ya Porsche 917, gari la zamani la mashindano la Ujerumani. Tunabishania mkia tu, yaani sehemu ya nyuma ya bodi.

Mrefu unapendeza, hilo sikatai. Unapasua hewa kwa ulaini, gari linakimbia zaidi barabara ikinyooka. Lakini mwaka 1969 madereva waliliogopa: mwendo ukipanda, hewa ilinyanyua sehemu ya nyuma, matairi yakakosa mshiko, gari likayumba.

Mfupi ulizaliwa Oktoba mwaka huohuo, kwenye majaribio huko Austria. Injinia John Horsman aliona wadudu waliokufa wametapakaa kwenye bodi, ila kwenye vibawa vya nyuma hakuna kitu. Kumbe hewa ilikuwa inapita juu bila kuvigusa! Wakaunda mkia mpya, mfupi na ulioinuka, kwa mabati ya alumini. Gari likatulia, na mwaka 1970 likashinda Le Mans, mbio za saa 24 huko Ufaransa. Kumbikumbi wetu wa mvua za Desemba wangetupa jibu hilo bure.

Mrefu nao ulirekebishwa, na mwaka 1971 ukapita kilomita 380 kwa saa. Sawa, ila wenzetu walikuwa na handaki la kupimia upepo. Sisi tuna uwanja wa vumbi.

Jamaa anajitetea kwamba Dodoma, mita 1,100 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo haitalinyanyua gari sana. Kweli, kwa asilimia 10 hivi. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa huongezeka mara nne. Mimi nachagua mfupi. Yeye jana alikuwa anapima mbao za kalibu ya mrefu.