Kisanduku cha vidonge cha siku saba: nimekitumia miezi kumi na moja

Nilikinunua shilingi 4,000 duka la dawa hapa Mwanza. Ni cha plastiki, vyumba saba, kila siku na kifuniko chake.

Mimi nauza dagaa. Wiki hii niko Mwaloni Kirumba, wiki ijayo niko kambini visiwani, nalala chumba kimoja na kina mama wengine wanne. Dawa yangu ni kidonge kimoja cha TLD, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, saa tatu usiku. Kopo lake ukilitikisa linalia kama kayamba, na kule kambini mlio ule unajulikana. Nilijaribu kulijaza pamba. Kuna safari niliziogopa hadi nikaliacha nyumbani, siku nne, mara nyingine sita, bila kumeza. Kipimo cha wingi wa virusi kikaja juu ya 1,000, nikaanzishiwa vikao vya ushauri wa ufuasi, yaani kumeza dawa kila siku bila kuruka. Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, ukisafiri dawa unaziweka wapi?" Machozi yakanitoka.

Ndiye aliyenielekeza kwenye kisanduku. Kidonge kikiwa peke yake hakina mwenzake wa kugongana naye. Kisanduku nakiviringisha kwenye leso, kimya.

Ila kilichonifaa zaidi ni hiki: usiku umechoka, umeanika dagaa tangu alfajiri, unajiuliza, nimemeza au sijameza? Zamani nilikisia. Sasa nafungua Jumatano. Kipo, nameza. Hakipo, nalala.

Kasoro zipo. Herufi ni za Kiingereza, T mbili na S mbili, unachanganyikiwa. Nimeandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: J3, J4, J5. Kifuniko cha Ijumaa kililegea mwezi wa saba, nakibana kwa mpira. Hakina kufuli, kwa hiyo mwenye watoto akiweke juu. Tena usijaze zaidi ya wiki moja, maana hewa ya ziwani ina unyevu. Zinazobaki ziache kwenye kopo lake, pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, usikitupe.

Nilipopimwa tena baada ya vikao, virusi havikuonekana. Siku hizi napewa dawa za miezi sita kwa mkupuo.

Ukienda kununua, fungua na kufunga kila kifuniko hapo hapo dukani. Juzi nimenunua cha pili, cha bluu, nampelekea dada mmoja Ukara.