Kinga za miguu za farasi malishoni: nilizobaki nazo na nilizoziacha

Farasi ninayemtunza ni Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, aliyestaafu mbio za Ngong Racecourse jijini Nairobi. Sasa anaishi Karen, mtaa wa Nairobi, na anashinda malishoni na wenzake. Ana hatua ndefu sana. Akishtuka na kutimka, ukwato wa nyuma humfikia wa mbele na kumpiga kisiginoni, pale penye nyama laini juu ya ukwato. Hapo hukatika, au kiatu cha chuma cha mbele hung'oka na kipande cha ukwato, halafu usubiri zamu yako kwa fundi wa kwato. Ndiyo maana nikamtafutia kinga.

Zile ndefu za neoprini, yaani mpira laini kama sponji, zinazofunika mguu kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo, ndizo kila mtu hukuonyesha kwanza. Zina bamba gumu upande wa ndani na ukizishika unaona kazi nzuri. Kwa mazoezi ya saa moja sina neno nazo. Malishoni ni habari nyingine. Asubuhi nyasi za Karen zina umande, kinga inanywa maji, inakuwa nzito na kuteremka. Na chini ya goti farasi karibu hana misuli: ni mfupa, kano na ngozi juu yake. Anapokimbia kano hupata joto, na neoprini hulizuia lisitoke. Ukizifungua jioni unakuta manyoya yamelala yakiwa na unyevu, ngozi ina joto, na chembe za udongo mwekundu zimejipanga kwa mstari pale kamba ilipobana.

Msimu wa mvua za masika hali hiyo huzaa magamba, yale yanayong'oka na kishungi cha manyoya. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba msababishi ni bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis, ambaye alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 huko Kongo ya Wabelgiji. Anataka ngozi iliyolowa na kukwaruzwa, na kinga iliyojaa matope humpa vyote viwili. Kupe nao hujificha humo, na kwetu kupe si jambo dogo, kwa sababu huambukiza farasi homa.

Za bitana ya manyoya ya kondoo sitazisemea mengi. Kishona nguo hujaa ndani, kila mbegu na miiba yake, na hata ukikaa nazo kivulini na kitana huzimalizi.

Baadaye nilihamia kwenye kinga fupi za ukwato, zenye umbo la kengele. Za velkro huvaliwa upesi na bei yake si mbaya, lakini velkro ikishajaa nyasi na matope haishiki tena. Mwenzake akiikanyaga, unaanza kuitafuta malishoni kama sarafu.

Ninazozipenda ni za mpira mtupu, zisizo na kifungo chochote. Kuzivisha kunahitaji nguvu: ziloweke kwenye ndoo ya maji moto hadi mpira ulegee, zigeuze ndani nje, bana mguu katikati ya magoti yako, pitisha upande mpana kwanza juu ya ncha ya ukwato, kisha uukunjue ushuke. Zikishakaa, zimekaa. Maji huchuruzika, hewa hupita kwa chini, na matope hayana kitambaa cha kushikilia. Tangu azivae, visigino vyake vimekuwa vizima na vyuma havijang'oka.

Angalia kipimo kwa makini. Farasi akisimama, ukingo wa nyuma uwe karibu kugusa ardhi ili ufunike kisigino chote. Ukiburuzika ataukanyaga na kujikwaa, na ukiwa mfupi, sehemu uliyotaka kuikinga inabaki wazi. Juu, kidole kizunguke bila kubanwa. Kila siku napitisha kidole chini ya ukingo huo, na nikikuta ngozi imeanza kuchubuka nazivua hadi ipone, hata kama ni wiki ya mvua na naogopa.

Zile ndefu bado ninazo. Humvisha anapoletwa farasi mgeni kundini, kwa saa zile za kufukuzana na kupigana mateke, nikiwa nimesimama pale pale. Naziweka juu kidogo kisha nazitelezesha chini ili manyoya yalale, kamba zikifungwa upande wa nje na ncha zikielekea nyuma. Wakitulia, nazivua. Farasi anayejigonga miguu yake mwenyewe anaweza kuzihitaji zaidi, lakini awe anavuliwa na kukaushwa kila siku bila kukosa. Kama hakuna mtu wa kufanya hivyo, mwache miguu mitupu na umwite fundi atazame kwanza jinsi kwato zilivyochongwa.