Kampuni mbili, tovuti moja: yaliyonikuta na gesti yangu Dodoma

Nina gesti ya vyumba kumi na moja Ilazo, hapa Dodoma. Msimu wangu unajulikana: Aprili hadi mwishoni mwa Juni, Bunge la bajeti likikaa, sina chumba. Upepo na vumbi la Agosti vikianza, nabaki kuhesabu funguo zilizoning'inia ukutani. Ndiyo maana nilitafuta watu wa kunitengenezea tovuti na kunitangazia mtandaoni.

Kampuni ya kwanza siitaji jina. Ofisi ina kiyoyozi, kahawa ikaletwa, tovuti nikaoneshwa kwenye skrini kubwa ya ukutani, picha zinateleza zenyewe. Bei milioni moja na laki mbili, nusu kianzio. Sikuuliza swali hata moja la maana, na hilo kosa ni langu. Wagogo husimulia kwamba jina la mji huu limetokana na neno la kuzama, tembo alipodidimia kwenye matope. Hela yangu ilimfuata huyo tembo.

Tovuti ilikamilika, na kwa kweli ilipendeza, mradi uwe na intaneti ya ofisini kwao. Kwa simu ya kawaida na bando la kawaida ilikuwa inazunguka tu mpaka mtu anakata tamaa.

Matangazo ndiyo yaliyonichekesha baadaye, siku hiyo sikucheka. Laki tatu kwa mwezi, na mwisho wa mwezi naletewa ripoti ya rangirangi: maelfu ya watu "wamefikiwa". Simu mpya nilizopokea zilikuwa nne, mbili kati yake za watu wanaotafuta chumba cha kupanga. Nilipobana sana ndipo nikaambiwa tangazo lilielekezwa kwa watu wa Dodoma mjini, "walio karibu na biashara". Yaani jirani yangu wa ukuta mmoja ndiye aliyekuwa anaoneshwa chumba changu. Ana kitanda chake! Wageni wangu wanatoka Dar, Mwanza, Mbeya.

Mwaka ulipoisha tovuti ikazimika. Napiga simu, bosi kasafiri. Nikaenda kwa wakala aliyeuza jina la tovuti yangu, lile linaloishia na .co.tz. Kijana akaangalia kompyuta yake, akaniambia kwa upole, "Mama, hii akaunti haina jina lako." Majina ya .tz yapo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na huuzwa na mawakala, na anayetambulika ni yule aliyeandikwa wakati wa kusajili. Mimi nililipa, wao wakajiandika. Nikahangaika miezi miwili, nikaacha, nikanunua jina lingine.

Safari hii nilinunua mwenyewe, kwa barua pepe yangu na namba yangu, ndipo nikatafuta mtengenezaji. Nikawapata vijana wawili wa Area C wasio na hata kochi la wageni. Kabla ya kutaja bei waliniuliza: wageni wako wanatoka wapi, na wa mwisho alikupataje? Nikajibu kwamba alipiga simu akiwa ndani ya treni ya SGR, akashuka Mkonze, bajaji ikamfikisha kwenye kiwanja kitupu kwa sababu ramani ya Google ilikuwa imeniweka pasipo pangu. Wakasema basi tunaanzia hapo, tovuti itasubiri.

Google ilitaka video ya kuthibitisha kwamba biashara ipo na ni yangu. Nikashika simu: barabara, bango, kisha mkono wangu ukifungua mlango wa ofisi kwa ufunguo. Mara ya kwanza mbuzi wa jirani wakakatiza mbele ya bango, nikarudia. Ilipokubaliwa, simu za "nimepotea" zikakoma, na wageni wakaanza kuniambia wamenikuta kwenye ramani.

Tovuti yenyewe ni ya ukurasa mmoja: picha za vyumba vilivyo, bei, na kitufe cha WhatsApp. Inafunguka upesi. Nililipa laki nne na nusu. Matangazo nayalipia mwenyewe kwenye akaunti yangu, wao nimewapa ruhusa ya kuyasimamia tu, kwa hiyo kila shilingi naiona ilikokwenda.

Wana kasoro zao. Walichelewa wiki tatu, na ukiwatumia ujumbe Ijumaa, jibu ni Jumatatu. Maelezo ya vyumba waliyaandika kwa Kiswahili cha mahubiri, nikakaa kuyaandika upya. Nawapa nyota nne, na kazi ya mwaka huu nimewaachia.

Kampuni ya kwanza hawajanirudishia kitu. Fundi wa rangi alipita juu ya bango kuandika jina jipya la tovuti, lakini alipitisha mkono mmoja tu. Jua la saa nane likipiga, la zamani linajitokeza chini yake, na bado kuna wageni wanaolipiga picha hilo.