Kujisomea Biblia au kutegemea mafundisho ya kanisa?
Hapa Mwanza wapo wanaofungua Biblia alfajiri kabla ya kwenda kuuza samaki Mwaloni, Kirumba, na wapo wanaosubiri mahubiri ya Jumapili tu. Mimi nawasihi wote wasome. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku, na wakasifiwa kwa hilo (Matendo 17:11). Wakatoliki nao walihimizwa hivyo na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1965.

Ila mstari mmoja ukiusoma peke yako unaweza kukupoteza. Yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa na kitabu cha nabii Isaya mkononi, bado akamwomba Filipo apande garini amfafanulie. Padri au mchungaji aliyesomea anakusaidia sana hapo. Anayekataza maswali, huyo simtegemei.