Uzoefu wangu: mkasi wa paipu, msumeno na uzi wa nailoni, kipi kinakata paipu ya plastiki vizuri bila umeme

Nina mkasi wa kukatia paipu za plastiki mwezi wa nane sasa na nimeshakata nao vipande vingi vya kutosha kusema kitu, basi naandika kwa yule anayejiuliza aununue au abaki na msumeno wake. Kwa kifupi nunua, ila msumeno usiutupe na uzi wa nailoni uweke karibu, maana iko siku mkasi utakuangusha, mimi siku hiyo ilinikuta nimelala chali chini ya sinki na maji yamefungwa nyumba nzima.

Nianze na kwa nini niliununua. Zamani nilikuwa nakata kila kitu na msumeno wa chuma, ule wa fremu, na nikaona unatosha tu, mpaka nilipounga paipu ya nusu inchi ya kupeleka maji bafuni. Nilikata kwa macho bila mstari, paipu nimeikandamiza chini ya goti, gundi nikapaka, elbo (kile kiungio cha kona) nikaingiza, kesho yake nikafungua koki, kukavu kabisa, nikafurahi. Wiki haijaisha ukuta ukaanza kulowa. Nilipoitoa ile elbo na kuipasua katikati kosa likaonekana wazi: upande mmoja paipu ilikuwa imefika mwisho wa soketi, yaani ule mdomo wa kiungio unaopokea paipu, upande wa pili imeishia njiani, imepungua kama milimita 5 hivi, na kwenye lile pengo gundi ilikuwa imejikusanya donge laini ambalo halijashika popote. Tena ule ukingo wenye vinyweleo vya plastiki vilivyoachwa na msumeno ulikuwa umeikwangua gundi ya ndani ya soketi na kuisukuma yote mbele. Watu wengi bomba likivuja wanailaumu gundi, lakini gundi ya PVC, ile plastiki ngumu ya paipu za kawaida, haifanyi kazi kama gundi ya karatasi, yenyewe inalainisha ngozi ya paipu na ngozi ya soketi halafu zinashikana zinakuwa kitu kimoja, sasa kama hazijagusana itashikanisha nini? Tangu hapo mimi cha kwanza ninachoangalia ni mkato umenyooka au umekaa upande, mambo ya haraka baadaye.

Mkasi wenyewe ni ule wa kushika kwa mkono mmoja, taya la chini limepinda kama mwezi mwandamo na ndo linabeba paipu, juu kuna kisu kimoja kipana, na katikati kuna meno ya kushikilia, yaani ukibana mpini kisu kinashuka kidogo halafu kinabaki pale pale hata ukiachia, unabana tena kinashuka tena, mpaka paipu inaachia. Kwa hiyo hauhitaji mkono wa chuma, mke wangu alikata nao paipu ya inchi moja bila kuniita. Kwenye PVC mpya ya nusu inchi na ya robo tatu ni raha tupu, mkato unatoka laini, hakuna ule unga mweupe wa msumeno unaoingia ndani ya paipu halafu unakuja kuziba chujio la bomba la kunawia.

Ila una namna yake. Ukiuweka kwenye paipu na kubana tu moja kwa moja kisu kinateleza kinaenda pembeni, hasa ukiwa umeinamisha mkono. Mimi nafanya hivi: nachukua karatasi yenye ukingo ulionyooka naizungushia paipu mpaka kingo zake zikutane vizuri, nachora kwa kalamu kufuata karatasi, hapo mstari umezunguka paipu nzima na umenyooka wenyewe bila kupima. Halafu nabana kidogo kisu kiing'ate paipu tu, nazungusha mkasi nusu duara kidogo kidogo ili kikate alama ya kuanzia, nikishaona kimekaa kwenye mstari pande zote mbili ndo naanza kubana kwa utulivu. Inaongeza kama dakika moja tu na mkato unatoka kama wa kiwandani.

PPR nayo, aina nyingine ya paipu ya plastiki, inakatika vizuri sana kwa mkasi, na ile HDPE nyeusi ya kuja kwenye roli ndo kabisa, maana ni laini na msumeno ukiupitisha pale unatoa nyuzi nyuzi mpaka unachoka kuzing'oa. (Na tafadhali hizo mbili msizipake gundi ya PVC, haishiki, PPR inaungwa kwa moto na HDPE ina viungio vyake vya kukaza au nayo inaungwa kwa moto.)

Sasa jambo ambalo sikuambiwa dukani na lilinisumbua. Mkasi wangu umeandikwa 42 mm. Mimi nikapiga hesabu kichwani, inchi moja na nusu ni kama milimita 38, basi itaingia. Haikuingia. Kwa sababu hizi inchi za PVC ni jina tu la saizi, sio kipimo cha nje, na ile 42 ya kwenye mkasi ni kipimo cha nje cha paipu. Paipu inayoitwa nusu inchi kwa nje ina kama milimita 21, ya inchi moja ina kama 33, ya inchi moja na robo inafika 42 ambayo inaingia kwa kubana, na ya inchi moja na nusu ina 48. Kwa hiyo mkasi wa 42 mwisho wake ni inchi moja na robo, tena hapo mpini unakuwa umefunguka sana kiganja kinashindwa kuushika vizuri. Kama una kazi ya paipu za maji machafu, zile kubwa za milimita 110, mkasi hausaidii chochote, hizo ni msumeno.

Haya, siku ya sinki. Kulikuwa na paipu ya PVC ya zamani, sijui ina miaka mingapi ila ilishabadilika rangi ikawa ya njano, inavuja kwenye kiungio, nikataka kukata kipande na kuweka koplingi, kile kiungio kilichonyooka cha kuunga paipu mbili. Nafasi ndogo, msumeno wa fremu hauingii maana paipu imekaa karibu na ukuta, nikaona hapa ndo mahali pa mkasi. Nikabana mara ya kwanza, ya pili, ya tatu nikasikia taa! kama kijiti kikavu kimevunjika. Paipu haikukatika, imepasuka kwa urefu, ufa umepanda juu kuelekea ukutani. Nilishtuka kwelikweli, maana ufa ungefika ndani ya ukuta basi kazi ya kubadilisha kiungio inageuka kazi ya kuvunja vigae.

Nikampigia mzee mmoja jirani yetu ambaye ni fundi bomba wa miaka mingi. Nikamwambia shikamoo mzee, nimeharibu huku. Akaniuliza swali moja tu, "Marahaba mwanangu, hiyo paipu ni mpya au ya zamani?" Nikamwambia ya zamani. Akasema, "Basi weka mkasi pembeni. Ya zamani haitaki kubanwa, inataka kusuguliwa. Una uzi wa nailoni wewe?"

Nilikuwa nao, ule uzi wa mafundi wa kunyooshea tofali. Akanielekeza: tafuta ufa umeishia wapi, kisha usikate pale pale unapoishia, panda juu yake kama sentimita 5 maana ufa huwa unaendelea mbele hata kama jicho haliuoni. Pitisha uzi nyuma ya paipu, shika ncha mbili, vuta huku na huku kama unakata sabuni. Nilichukua uzi wa kama mita moja, ncha nikazifunga kwenye vijiti viwili ili usinikate vidole, nikaanza taratibu. Mwanzo hauoni kitu, uzi unateleza tu, halafu kama baada ya mivuto kumi unaona alama nyembamba, baada ya hapo unaingia wenyewe. Unga wa njano ulikuwa unanidondokea shingoni, harufu ya plastiki ya moto ikaanza, nikaweka kidole karibu na mkato nikahisi pamepata joto kabisa. Ndo siri yenyewe, sio uzi unaokata, ni joto la kusugua, PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi kama 80 za selisiasi na nailoni inavumilia mpaka zaidi ya 200, kwa hiyo paipu inaachia kabla ya uzi. Dakika mbili hivi ikakatika, bila ufa hata mmoja. Nilibaki nimeishika ile paipu naiangalia.

Mambo mawili kuhusu uzi. Vuta mivuto mirefu, tumia urefu wake wote, ukisugua sehemu ile ile fupi ya uzi nayo itapata moto itakatika, mimi wa kwanza ulikatika hivyo hivyo. Na uzi unapenda kupotea njia, kwa hiyo zungushia seloteipu juu ya mstari na nyingine chini yake ili upate mfereji wa kufuata. Fungua na dirisha, ile harufu sio ya kukaa nayo. Na mtu asije akakushauri uchome paipu kwa kibiriti au kisu cha moto, PVC ikiungua inatoa moshi mkali wa asidi unaochoma koo na macho.

Kuna kitu kingine nilijaribu baadaye kwenye paipu nyingine ya zamani ya nje iliyokuwa inapigwa jua, hizo ndo mbaya zaidi maana jua linazikausha zinakuwa kama biskuti. Nilizungushia kitambaa kilichochovywa maji ya moto, nikaacha dakika kama tatu, nikatoa na kukata na mkasi papo hapo ikiwa bado ina joto. Ikakatika bila kupasuka. Asubuhi ya baridi hata paipu mpya naifanyia hivyo, na CPVC, ile ya maji ya moto, mimi siikati kabisa na mkasi, naona inapasuka kirahisi kuliko PVC ya kawaida.

Msumeno sasa nautumia kwa paipu kubwa na hiyo CPVC. Kosa langu la zamani halikuwa la msumeno, lilikuwa la kwangu. Tumia blade ya meno madogo, ile iliyoandikwa 24 au 32 (idadi ya meno kwa inchi), ile ya 18 inarukaruka kwenye plastiki inaacha mkato kama umetafunwa. Meno yaangalie mbele, maana unakata wakati wa kusukuma, sio wa kuvuta, na usikandamize. Paipu ibane kwenye jiliwa ila uifunge kitambaa isiminywe, kama hauna jiliwa mtu akushikie. Kwa paipu kubwa usikate kutoka juu mpaka chini kwa mara moja, kata kidogo kufuata mstari, zungusha paipu, kata tena, mpaka umeuzunguka wote ndo umalizie. Na pale ambapo fremu haiingii toa blade, ifunge kitambaa upande mmoja, ishike kama kisu, inachosha lakini inafika.

Chochote utakachokatia, usipake gundi bado. Pitisha kisu kidogo ndani ya mdomo wa paipu utoe vinyweleo, halafu nje uinamishe ukingo kidogo kwa tupa au msasa ili paipu isiikwangue gundi wakati inaingia. Mkato wa uzi ndo unahitaji kazi zaidi hapa maana plastiki iliyolainika inaacha kijishanga kigumu kuzunguka mdomo, usipokitoa paipu haiingii. Jaribu kwanza kavu, kwa kawaida inaingia kama theluthi moja mpaka mbili za soketi halafu inakaza, ukiona inaingia yote inacheza basi saizi sio yenyewe. Weka alama ya kina kwa kalamu, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku unazungusha robo, na shikilia kama sekunde 30 bila kuachia, kwa sababu inapenda kujirudisha nyuma yenyewe na ukiachia mapema unarudia lile pengo langu la bafuni. Maji mimi nafungulia kesho yake.

Mkasi naupa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imepungua kwa sababu ya kisu. Niliukatia paipu iliyokuwa na mchanga, kisu kikapata pengo, na tangu hapo kinaiminya paipu inakuwa kama yai kabla hakijaanza kukata, na mdomo wa yai hauingii kwenye soketi vizuri. Kabla hujanunua hakikisha kisu kinafunguka na cha akiba kinapatikana, wangu namshukuru Mungu ni wa skrubu moja, na kabla ya kukata sasa hivi napangusa paipu kwanza na kitambaa kibichi.