Kozi ya mawe na chavua pale Ngong Road: mwalimu moto, makaratasi ovyo

Niseme mapema, hii si ile kozi ya kuangalia mifupa ya dinosaria, unapiga selfi unaenda zako. Ni Jumamosi nzima mmejifungia chumba cha juu mkifundishwa vile watu hujua kama mahali palikuwa bahari, tena kina kirefu ama ufuoni tu, kwa kusoma tabaka za mawe na chavua iliyobaki ndani yake mamilioni ya miaka. Elfu tatu mia tano kwa M-Pesa, chai iko ndani, lanchi ujitafutie. Natoa nyota nne, ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya makaratasi, nitafika hapo.

Asubuhi inalaza, kusema ukweli. Projekta, slaidi, tabaka la chini ni zee kuliko la juu, sawa, hiyo mwanasayansi Steno alishaisema 1669, saa nzima ya nini? Kilichotuamsha ni pale Madam alitoa kipande cha Mazeras, haya haya mawe tunabandika kwa ukuta na kutandika mbele ya geti, lile lake lina mistari ya mawimbi juu yake safi kabisa. Akauliza hii ni nini, darasa lote tukajibu bahari, si limetoka Pwani? Akacheka. Mgongo wa wimbi ukiwa sawa pande zote mbili maji yalikuwa yanaenda na kurudi, ukilalia upande mmoja ni mkondo, lakini hata ziwa lina mawimbi na mto una mkondo. Na mawe ya Duruma, ndiyo familia ya hayo ya Mazeras, mengi yaliwekwa na mito na maziwa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kabla hata Bahari ya Hindi haijafunguka hapo. Bahari ilikuja baadaye ikaacha chokaa ya Kambe kule Kilifi. Akadondosha asidi kidogo kwa jiwe la matumbawe, likatoa povu kwa sababu ni chokaa, akadondosha kwa Mazeras, kimya.

Kulikuwa na mzee mmoja amestaafu kuchimba visima, huyo alikuwa na maswali hadi raha. "Sasa Madam, nikipata mfupa wa nyangumi, si hapo ni bahari na tumemaliza?" Ndio tukaambiwa ya Loperot, Turkana: mabaki ya nyangumi ya miaka kama milioni 17, yaliokotwa 1964, yakapotelea kwa stoo huko Marekani hadi 2011, na mawe yaliyokuwa yameyafunika ni ya mto! Nyangumi alipanda mto akafia zaidi ya kilomita 700 kutoka ufuo wa leo, kumaanisha hiyo nchi wakati huo ilikuwa chini sana, haijainuka. "Mzee wangu, huyo ni shahidi mmoja, tena alikuwa amepotea njia."

Mchana ndio pesa yako inarudi. Chavua inatoka nchi kavu, upepo na mito inaisomba hadi baharini, kwa hivyo kuikuta tu haikusaidii, kazi ni kuhesabu. Kwa hadubini unaona chavua ya mti wa podo ina vifuko viwili vya hewa pembeni, hiyo inaelea mbali sana, halafu pembeni yake kuna kigamba cha dainoflajeleti, kiumbe kidogo sana cha majini, duara dogo limejaa miiba kama shokishoki, na hao wengi wao huishi baharini. Hesabu punje mia mbili mia tatu kwa slaidi ya kioo, angalia nyasi ngapi, mikoko ngapi, miiba ngapi, panda tabaka la juu urudie. Nyasi ikipungua, mikoko ikajaa, halafu mikoko nayo ikapungua na miiba ikatawala, basi bahari ilikuwa inaingia nchi kavu. Mimi niliganda hapo hadi nikaambiwa nipishe wengine.

Na hapo ndio shida, hadubini mbili kwa darasa zima, moja lenzi ina vumbi. Slaidi walileta zikiwa tayari na nawapongeza kwa hilo, maana kutoa chavua kwa jiwe kunahitaji HF, asidi inakula kioo na ikigusa ngozi inapenya hadi mfupani, hiyo si ya kuchezea kwa chumba cha kukodi. Pia wanakwambia ukweli kuhusu mahali haifanyi kazi: mawe mekundu mara nyingi hayana kitu, oksijeni ilishakula chavua yote, na kuna chavua zee inamomonyoka kutoka jiwe la zamani inajichanganya na changa inakudanganya.

Sasa makaratasi. Chavua ikipikwa na joto la ardhini hubadilika, njano, chungwa, kahawia, mwisho nyeusi, na watu wa mafuta huitumia kujua kama jiwe limeiva, yaani limepikwa kiasi cha kutoa mafuta. Jedwali la hizo rangi tumepewa limechapishwa blaki na waiti!! Kijivu, kijivu, kijivu, nyeusi. Nilimwuliza kijana wa mapokezi akasema watatuma kwa WhatsApp, bado nangoja.

Ukienda, keti mbele karibu na hadubini ya dirishani, ile safi. Paking ni ya bure lakini saa tatu imejaa.