Reli Kwanza, Treni Baadaye: Ununue Nini Kuanza Reli Ndogo ya Kijapani

Ukiingia duka la treni ndogo kule Akihabara, mtaa wa Tokyo, kwa mara ya kwanza, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye kabati la vioo: Shinkansen (treni ya mwendokasi) ya kijani, vichwa vyeusi vya mvuke, mabehewa ya buluu ya safari za usiku. Reli zimetundikwa ukutani nyuma yako kwenye pakiti za plastiki, na hazimvutii mtu. Tangu nihamie Saitama nimewapeleka rafiki zangu kadhaa kwenye maduka hayo, na karibu wote wametoka na treni mkononi bila hata kipande cha reli.

Nawaandikia wao, na yeyote anayetaka kujijengea Japani ndogo juu ya meza. Chagua reli kwanza. Ukubwa ukiwa mmoja, treni ya kampuni hii itapita vizuri juu ya reli ya kampuni ile, lakini reli za kampuni mbili hazishikani hivi hivi. Treni usiyoipenda utaiuza kesho. Reli ukishanunua vipande hamsini, mmeoana.

Kabla ya kufungua pochi, elewa vipimo. Nyumba za Japani ni finyu, kwa hiyo ukubwa uliotawala huku ni geji ya N, yaani milimita 9 kati ya reli na reli. Ndani ya N kuna vipimo viwili: treni za kawaida hupunguzwa mara 150, Shinkansen mara 160. Msomaji wa Tanzania atalielewa hili haraka. Reli za kawaida za Japani zina upana wa milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Shinkansen, iliyoanza kati ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964, hupita kwenye reli ya milimita 1,435, upana uleule wa SGR. Gawanya 1,435 kwa 160, unapata 9 kasoro kidogo sana. Gawanya 1,067 kwa 150, unapata 7 na kidogo. Ndiyo maana treni ya kawaida, ukiitazama kwa mbele, inaonekana imetanua miguu juu ya reli iliyokusudiwa mwenzake mkubwa. Baada ya wiki mbili jicho linazoea. La muhimu kwa mnunuzi ni hili: nyumba, watu na magari ya barabarani chukua ya 1:150, maana hivyo ndivyo vilivyojaa madukani.

Halafu pima meza. Usikisie, chukua futi. Ubao unaouzwa sana kwa kazi hii ni wa sentimita 60 kwa 90. Kato, kampuni ya Kijapani ya treni ndogo, huandika nusu kipenyo cha kila kipande cha mkunjo: R249, R282, R315 na kuendelea, kwa milimita, kikipimwa katikati ya reli. Duara la R315 lina kipenyo cha milimita 630. Ongeza tuta la plastiki linalobeba reli, lenye upana wa milimita 25, unafika 655. Halikai kwenye ubao wa 600. Duara la R282 linafika 589, linabakiza milimita tano na nusu kila upande. Linakaa, lakini treni ikiacha njia inadondoka sakafuni, hivyo zungusha ukingo wa mbao pembeni. Hesabu hii ya dakika mbili itakuokolea safari ya kurudisha bidhaa.

Nafasi ya kwanza: seti ya kuanzia ya Kato

Kato ndio waliotoa treni ya kwanza ya N iliyotengenezwa Japani, kichwa cha mvuke cha C50, mwaka 1965. Seti yao ya kuanzia ina treni fupi, reli za kutosha duara refu la R315, kidhibiti mwendo na kile kipande chenye mteremko cha kupandishia magurudumu relini. Andaa karibu yeni 20,000, kutegemea treni uliyochagua.

Ninaiweka juu kwa sababu ya viungo vyake. Kila ncha ya reli ya Kato ina kishikizo cha plastiki kilichobeba chuma ndani. Ukisukuma vipande viwili unasikia “tak”, na hapo vimekamatana kweli, umeme unapita na tuta halichezi. Wengi wetu huku hatuna chumba cha kuachia reli mwaka mzima. Tunatandaza juu ya tatami, mikeka ya sakafuni, Jumamosi asubuhi na kukusanya kabla ya kutandika magodoro usiku, na reli inayofungwa na kufunguliwa kila wiki inahitaji kiungo cha namna hiyo. Kikichakaa, unakivuta na kuweka kingine. Vinauzwa peke yake. Usivitenganishe kwa kuvikunja juu na chini kama unavunja muwa. Shika vipande viwili karibu na kiungo, vuta kwa unyoofu.

Kasoro yake ni hiyo R315. Kama ubao wako ni wa sentimita 60, usichukue seti. Nunua kidhibiti na reli za R282 kila kimoja peke yake, na treni uiongeze baadaye.

Nafasi ya pili: Tomix

Tomix ni jina la treni za N la Tomy, kampuni iliyozaa Plarail, zile reli za buluu ambazo watoto wa Japani wamezichezea tangu 1959. Kwa mtu anayetaka ubao wa kudumu, wenye mandhari iliyogundishwa, ningeipandisha Tomix juu ya Kato bila kusitasita. Vipande vyake ni vya aina nyingi kupita kiasi, na mikunjo midogo inashuka hadi C177, C140 na C103 (C hapa ni kama R ya Kato). Duara la C103 linaenea ndani ya karatasi ya A3. Litabeba tramu na vigari vifupi tu, lakini tramu inayozunguka mtaa mmoja wenye duka la tofu na kona ya mashine za vinywaji ni kazi kamili, haipungukiwi kitu.

Tatizo linakuja kwa anayetaka kuchanganya. Kipande kirefu cha msingi cha Tomix ni milimita 280, cha Kato ni 248. Njia mbili sambamba za Tomix zinaachana kwa milimita 37, za Kato kwa 33. Kipo kipande maalumu cha kuunganisha mifumo hiyo miwili, lakini hata ukiisha kuunganisha, pembe na urefu vitakugomea kwenye kila mzunguko. Chagua mmoja ubaki nao.

Nafasi ya tatu: mitumba

Japani ni nchi ya mitumba iliyotunzwa. Treni ya miaka ishirini hutoka kwenye kisanduku chake ikiwa na karatasi ya maelekezo na vibandiko ambavyo hakuna aliyevigusa. Reli za mtumba ni bahati njema kwa anayejua anachotafuta, na ndiyo sababu siiweki juu zaidi: anayeanza bado hajui.

Maneno matatu yajue kabla ya kwenda. “Kihon” ni seti ya msingi, yenye behewa la mota. “Zoketsu” ni mabehewa ya nyongeza, na kwa kawaida hayana mota. “Janku” ni kitu kinachouzwa bila ahadi yoyote, hakirudishwi. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mabehewa manne ya treni ya mjini kwa bei ambayo niliiona ni ya kutupa. Nikayaweka relini, nikafungua umeme, nikangoja. Niliyageuza moja baada ya jingine nikitafuta giya chini ya sakafu, hazikuwapo. Kisanduku kilikuwa kimeandikwa zoketsu kwa herufi kubwa, ila wakati huo sikuweza kuisoma. Muuzaji hakunidanganya, lakini pia hakuniambia kitu. Siku hizi, kabla ya kulipa, natafuta herufi M kwenye orodha ya mabehewa, kisha naomba wanijaribishie. Maduka mengi yana kipande cha reli kaunta kwa kazi hiyo.

Tahadhari hiyohiyo kwa visanduku vya Tetsudo Collection vya Tomytec, kampuni tanzu ya Tomy. Vina vigari vizuri vya njia za mashambani, na bei yake ni ya upole, lakini vinauzwa bila mota. Mota na magurudumu ya chuma unanunua kando, kwa kipimo cha gari husika.

Nafasi zilizobaki

Geji ya Z ya kampuni ya Rokuhan, 1:220, ina reli ya milimita 6.5, na behewa la mita 20 linakuwa sentimita 9 tu. Ni ya kupendeza, ila nyumba na treni za Kijapani za kuchagua ni chache, na vumbi dogo tu linaisimamisha. Ukubwa wa 1:80 unaokwenda kwenye reli ya milimita 16.5 ni mzuri kuutazama, lakini behewa moja lina sentimita 25, na bei nayo inakua kwa kasi hiyohiyo. Uache mpaka uwe na nyumba. Na kama unamnunulia mtoto ambaye hajaanza shule, sahau yote niliyoandika, mpe Plarail. Inatumia betri, inavumilia kukanyagwa, na furaha yake ni ya kweli kabisa.

Sasa treni

Shinkansen kamili ya mabehewa 16 kwa ukubwa wa N ina urefu wa mita 2.5. Mzunguko wa duara la R315 haufiki mita 2. Treni itafika kwenye mkia wake kabla ya kumaliza kuondoka. Ukiitamani sana, inunue, kisha ipeleke kwenye maduka yenye reli za kukodi kwa saa, ambako unaweka treni yako kwenye mzunguko mkubwa uliojengwa na wenye duka. Nyumbani, kwa ubao wa 60 kwa 90, treni yangu ya kwanza ingekuwa KiHa 40, gari la dizeli linalokwenda peke yake, lililoanza kazi mwaka 1977. “Ki” ni gari lenye injini yake ya dizeli, “Ha” ni daraja la kawaida. Behewa moja, jukwaa moja fupi, mlima mmoja wenye handaki, na tayari una njia ya mashambani inayoaminika. Treni ya Yamanote ya Tokyo, yenye mabehewa 11, itakuhitaji jukwaa la karibu mita moja na nusu.

Kwenye mandhari, amua msimu kabla ya kununua mti hata mmoja. Nimeona ubao uliofanyiwa kazi ya ustadi mkubwa ambapo micheri imechanua kando ya mashamba ya mpunga ya rangi ya dhahabu. Micheri ya Tokyo huchanua mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Mpunga huiva kuelekea Septemba. Kila Mjapani aliyepita alisimama hapo, akatazama, akanyamaza. Ukichagua Aprili, mashamba yawe ya udongo mtupu. Ukitaka mashamba yenye maji na miche mifupi, micheri iwe ya kijani. Nyaya za umeme usiziogope, panda nguzo nyingi. Mtaa wa Kijapani usio na nyaya juu unaonekana wa nchi nyingine. Magari yaweke kushoto, kama kwetu. Na ukibakiwa na fedha, nunua makutano ya reli na barabara yanayojishusha yenyewe ya Tomix: fito zinashuka, taa mbili nyekundu zinapokezana, treni inapita. Hakuna kitu kingine kwenye ubao wangu kinachowafanya wageni wainame karibu kiasi hicho.

Umeme, kwa mnaopeleka nyumbani

Umeme wa nyumba za Japani ni volti 100. Tanzania ni 230, Kenya 240. Kubadilisha plagi hakubadilishi umeme: kidhibiti cha volti 100 ukikichomeka Dar es Salaam kitaungua, na pengine na treni yake. Geuza adapta usome maandishi madogo. Ikiandikwa INPUT 100-240V, unahitaji plagi tu. Ikiandikwa 100V peke yake, nunua transfoma ya kushusha umeme, au tafuta kidhibiti kingine kinachotoa volti 12 za mkondo mnyoofu (DC), maana hizo ndizo zinazofika relini kwa Kato na kwa Tomix pia.

Siku hiyohiyo ya kununua reli, chukua na chupa ya dawa ya kusafishia reli na kitambaa kisichotoa nyuzi. Treni ikianza kusitasita na taa zake kupepesa, mota kwa kawaida haina kosa. Futa reli, kisha geuza behewa la mota ufute na magurudumu. Kwenye kitambaa utaona mistari miwili myeusi, milimita 9 kutoka mmoja hadi mwingine.